Mwadhini Aliyeutazama Ua Wake

Wamepokezana wasimulizi, Mwenyezi Mungu awarehemu, kisa cha mwadhini aitwaye Nuaimu bin Rashad, aliyeishi zamani katika mji mmoja wa nchi ya Sham. Nyumba za mji ule zilikuwa na nyua zilizo wazi juu, na mnara wa msikiti ulizipita zote kwa urefu, hivyo aliyesimama juu yake angeweza kuwaona wake za watu wakichana nywele. Kwa sababu hiyo wazee waliweka desturi: hapewi mtu ufunguo wa mnara mpaka ale yamini kwamba hatautazama ua wowote, na kila akifika daraja la mwisho la ngazi ajifunge kitambaa machoni. Nuaimu alikula yamini hiyo akiwa kijana, akaitunza miaka kumi na tisa.

Watu walimpenda kupita kiasi. Akianza kuadhini, hata wachuuzi waliokuwa wakigombana walinyamaza. Naye, tusifiche, alipenda kupendwa. Baina ya sala na sala aliketi barazani mwa msikiti akizungumza na wazee, na nyumbani alikwenda kula na kulala tu. Mama yake mzazi, Bi Atika, alikuwa ameanza kupotewa na akili kwa uzee, na aliyemtunza ni Raihana, mke wa Nuaimu. Raihana akilalamika, mumewe alimjibu, "Mvumilie, mke wangu, utalipwa," kisha huyo, amekwenda zake msikitini, akijiona ametoa nasaha njema.

Alasiri moja ulivuma upepo wa vumbi, na Nuaimu alipokuwa katikati ya adhana kitambaa kikafunguka, kikapeperuka juu ya mapaa. Akafumba macho haraka. Nafsi ikamnong'oneza: ua wako mwenyewe si haramu kwako, ukiutazama huo tu utakuwa umemkosea nani? Akafumbua macho, akatazama nyumbani kwake.

Lahaula! Alimwona mama yake amefungwa kamba mguuni, ile kamba ya kuanikia nguo, na ncha ya pili imefungwa kwenye nguzo ya ukumbi. Bi Atika alikuwa akitambaa kuufuata mtungi wa maji. Kamba ikakaza, akanyoosha mkono, asiufikie. Sauti ya Nuaimu ikakatika. Mji mzima ukasikia adhana imesimama katikati, jambo ambalo halijapata kutokea, na watu wakatoka madukani wakitazama juu kwa hofu. Aliimalizia kwa sauti ambayo yeye mwenyewe hakuitambua, akashuka, akasali pamoja na wenzake bila ya kujua amesoma nini.

Alipofika nyumbani alimkuta mama yake ameketi juu ya mkeka, amechanwa nywele vizuri, kikombe cha maji mkononi. Kamba ilikuwa imetundikwa mahali pake na nguo zinakauka juu yake. Raihana akamkaribisha kama siku zote. Hapo Nuaimu akafahamu kwamba kila siku kamba hufunguliwa kabla hajafika. Akafahamu na jingine: akiuliza, ataulizwa amejuaje. Akinyamaza, watu wataendelea kumwona mwaminifu wa kiapo, ufunguo utabaki kwake, na mama yake atafungwa tena kesho.

"Raihana," akasema, "nimetazama kutoka mnarani. Nimemwona mama."

Raihana akajiziba mdomo kwa mkono. Hakujua ashtuke kwa lipi kwanza, siri yake iliyofichuka au kiapo cha mumewe kilichovunjika. Kisha akaketi chini, akalia kwa sauti.

"Mara tatu ametoka nje," alisema. "Mara ya kwanza nilimkuta soko la ngozi, hana hata shela. Mara ya pili aliletwa na watu baki. Mara ya tatu nilimkuta kisimani, mguu mmoja umeshavuka ukingo. Nikikueleza, waniambia nivumilie. Nipike, nichote maji, nifue, na yeye nimshike kwa mkono gani? Nimemfunga, ndiyo, na kila nikimfunga namwomba radhi. Ulitaka nifanyeje, bwana?"

Nuaimu alikuwa amekuja na ghadhabu zake tayari kumhukumu mkewe. Kule juu alishtushwa na kosa la mtu mwingine, na hapa alishtushwa na kosa lake mwenyewe, nalo lilikuwa kubwa zaidi.

Kesho yake, baada ya sala ya adhuhuri, aliweka ufunguo mbele ya Sheikh Burhani, imamu wa msikiti, na watu wote wanamwona. "Nimetazama," alisema.

"Umetazama kwa nani?" waliruka watu, kila mmoja akiufikiria ua wake.

"Kwangu."

Wakashusha pumzi, na wengine wakacheka. Sheikh akamwambia kwamba kwake si kosa, achukue ufunguo wake. Nuaimu akatikisa kichwa. "Kiapo hakikubagua ua, Sheikh. Na hata mkinisamehe, nina kazi nyumbani ambayo nimeichelewea."

Basi akastaafu, umri wake miaka arubaini na mitano na sauti ingali nzima. Mji ulipigwa na butwaa, maana waadhini wa pale hawakuacha mnara ila kwa mauti. Wapo waliosema amerogwa, na wapo waliosema ametawaliwa na mkewe.

Wala msidhani raha ilimpokea mlangoni. Siku za mwanzo aliunguza uji, akamwaga maji ya kufulia, akamfuata Raihana jikoni kumfundisha namna ya kukata vitunguu, mpaka bibie akamwambia, "Umeniondolea kazi moja, umeniletea mbili." Bi Atika alimtupia bakuli la mchuzi. Na kila alipomsikia mwadhini mpya, alishikwa na wivu, astaghfirullah. Lakini mama hakufungwa tena. Nuaimu alimshika mkono, wakatembea kokote alikotaka kwenda, kisha wakarudi. Alijifunza kumlisha taratibu na kumngoja ameze. Raihana akaanza kujilaza mchana, jambo ambalo hakulifanya kwa miaka mingi. Ikafika siku Nuaimu akajikuta anaosha vyombo huku akiimba kasida, akashangaa kwamba ana furaha.

Mwaka ulipopita, asubuhi moja Sheikh Burhani alipiga hodi, ufunguo mkononi. "Mwanangu, huyu mpya sauti yake inawakimbiza watu. Wazee wamekubaliana. Rudi."

Nuaimu alikuwa amepiga magoti akimlisha mama yake. Haki ya Mungu, moyo ulimruka. Sifa zile zote alizozikosa zikamrudia masikioni, akaweka kijiko chini, akaunyoosha mkono apokee.

Bi Atika akamtazama mgeni. "Unamtafuta mwanangu?" aliuliza. "Hayupo. Yuko mnarani. Mwanangu mimi namsikia tu, simwoni."

Sheikh akababaika, akamwonyesha Nuaimu kwa kidole. "Na huyu, mama, ni nani?"

Bi Atika akautazama uso wa mwanawe kwa muda mrefu. "Huyu simjui," akasema. "Ila ni mtu mwema. Yeye hukaa."

Machozi yakamtoka Nuaimu, na mkono wake ukarudi kwenye kijiko. "Umesikia, Sheikh," alisema kwa upole. "Mpeni mwingine."

Inasemekana Sheikh Burhani alitoka pale asirudi msikitini, bali alikwenda moja kwa moja kwa dada yake mgonjwa, ambaye hakuwa amemjulia hali tangu Ramadhani.

Tuzingatie, ndugu zangu. Mtu huyu alisifiwa na mji mzima naye asitosheke, kisha akatosheka na sifa ya bibi kizee asiyemjua hata jina. Mwenyezi Mungu atujaalie kuwaona walio wetu wangali hai.