Chunjua Lenye Miguu

Paukwa!

Pakawa!

Wa nyuma mbona kimya? Mnajikuna? Paukwa!

Pakawa!

Haya. Hapo zamani za kale, wanyama waliposema na nyani akawa tabibu wao, palikuwa na Mama Nyumbu na ndama wake. Ndama alikuwa mzima. Anaruka, anakimbia, ananyonya. Siku moja akaanza kujikuna sikio. Kwaru! Kwaru! Mama akachungulia. Akaona kitu kidogo, cheusi, kama punje ya ufuta.

Nani huyo? Mnamjua. Ni Kupe. Amekaa, amezamisha kinywa, anafyonza. Fyoo! Fyoo!

Mama Nyumbu akampeleka mwanawe kwa Tabibu Nyani. Bwana huyu alikuwa msomi kwelikweli, hagusi mgonjwa! Ana kijiti chake kirefu, anakuonyesha nacho kwa mbali, pua kaibana.

"Mama, mwanao ana choa," akasema.

"Choa ndiyo nini, Tabibu? Na dawa yake?"

"Mama, ukishalijua jina, nusu umepona."

Mama akaenda zake, analirudia neno njiani asije akalisahau. Choa, choa, choa. Na mle sikioni Kupe akaimba:

*Niiteni mtakavyo,*
*Niacheni nilipo!*

Fyoo! Fyoo!

Kupe akanenepa, akawa kama kunde. Akawaita jamaa zake. Wakajaa shingoni, wakajaa tumboni. Ndama akakonda. Mama akarudi mbio kwa Tabibu.

"Basi si choa," akasema Nyani, wala hakuona haya. "Ni ukurutu."

Wanyama waliokuwa barazani wakapiga makofi. Ukurutu! Neno zito hilo! Na Kupe, tumbo ndi, akaimba:

*Niiteni mtakavyo,*
*Niacheni nilipo!*

Sasa sikilizeni. Majani yakakauka. Kundi la nyumbu likatangaza safari: kesho alfajiri tunahama, tunaifuata mvua. Asiyeweza kutembea atabaki. Na anayebaki, ni wa Fisi. Fisi mwenyewe alishasogea karibu, anajilamba, kila saa anauliza kwa upole, "Mgonjwa anaendeleaje?"

Mama akamsukuma mwanawe kwa pua, hatua moja, anapumzika, hatua nyingine, mpaka barazani.

"Tabibu, kesho tunahama na mwanangu hawezi kwenda. Tazama vizuri, nakuomba. Kitu hiki kina miguu!"

Nyani akakunja uso. Akamwita Ngiri, bingwa wa machunjua, kwa kuwa yeye anayo usoni. Ngiri akatazama kutoka kule kule alikokaa.

"Hilo ni chunjua," akasema.

"Chunjua gani lina miguu?" Mama akauliza.

"Chunjua lenye miguu," akajibu Nyani. "Ni adimu sana. Mama, una bahati."

Mnasikia? Mwana anakufa, mama anaambiwa ana bahati!

"Basi mshike mwenyewe!" Mama akalia. Akamsukuma ndama. Ndama akaanguka, puu! Mapajani mwa Tabibu.

Kupe mmoja mdogo, mwenye njaa, akanusa. Ah! Hapa pana ngozi laini. Hapa pana damu ya mtu aliyeshiba. Akahama kimya kimya. Akapanda paja, akapanda, akapanda, akafika mahali ambapo mbele ya watoto sipataji. Akazamisha kinywa.

Nyani akaruka juu. "Kupe! Kupe! Jamani, kupe!"

Baraza zima likasogea kutazama.

"Si chunjua, Tabibu?" akauliza Mama Nyumbu.

"Chunjua la babu yako! Kupe huyu! Ngiri, njoo! Mshike karibu na ngozi! Usimkamue! Vuta taratibu, taratibu, kinywa kisibaki ndani! Kisha osha!"

Kumbe anajua! Jina analijua, dawa anaijua! Mimi kila nikifika hapa hasira hunipanda, nisameheni.

Mama Nyumbu hakungoja. Akamshika Kupe wa sikioni kwa midomo, karibu na ngozi. Akavuta taratibu, taratibu. Akatoka mzima, na kinywa chake. Kupe akaanza, "Niiteni mta..." Kwato ikashuka. Pasu! Akamtoa wa pili, akamtoa wa tatu, akawamaliza wote.

Alfajiri kundi likaondoka. Ndama akaenda nalo, nyuma kabisa, anayumba, lakini kwa miguu yake mwenyewe. Fisi akabaki na mate yake.

Na nyani? Tangu siku hiyo kijiti wamekitupa. Nendeni mkawatazame: kutwa wamekaa, wanachakurana manyoya kwa vidole, wanatoana kupe. Lakini ni wao kwa wao. Nyumbu akipita anajikuna, wanamtazama tu.

Ndiyo maana wakubwa husema, kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ugonjwa wa mwenzio utaupa majina mengi. Wako utautafutia dawa.

Hadithi yangu imeishia hapo. Anayewashwa asingoje jina, atazame ngozi.