Pampu, Sufuria na Kiti Kimoja

Hapo zamani, na msinikatize, si zamani ile ya wanyama kusema. Ni zamani ya juzi tu, wilayani Ilundo, ambako watu walilima nyanya kando ya mito na kila mkulima alikuwa na pampu yake ya kumwagilia. Basi pampu zikaanza kuibwa. Leo Mavala, kesho Idunda, keshokutwa Lupombwe. Pampu ikiondoka, nyanya hukauka ndani ya wiki moja, na mwenye shamba hubaki anatazama majani yamejikunja. Polisi walikimbia huku, mwizi yuko kule. Walikimbia kule, mwizi kesharudi huku. Aibu tupu!

Mkuu wa polisi wa wilaya, Afande Kihwele, mtu mwenye sauti ya kuamsha tarafa nzima, akapokea barua kutoka mkoani. Akawapanga askari mstari akawasomea. Ilundo itapewa dawati jipya, dawati la uchambuzi wa uhalifu. Meza moja, kompyuta moja, kiti kimoja. Atakayekalia kiti hicho atasoma taarifa zote, ajue wizi unatembeaje, siku gani, kijiji gani, kisha awaambie wenzake wamngojee mwizi wapi kabla hajafika.

"Kabla hajafika!" Afande Kihwele akarudia, macho yamemtoka kwa furaha. "Sasa sikilizeni. Atakayenionyesha njia ya mwizi wa pampu, awe nani awe nani, kiti ni chake!"

Awe nani awe nani. Yashikeni hayo maneno, maana ndiyo yaliyomponza.

Wa kwanza kusimama alikuwa Koplo Msigwa, mwandishi wa kitabu cha taarifa. Miaka kumi na mmoja amekaa kaunta. Umeibiwa kuku, anaandika. Umeibiwa ng'ombe, anaandika. Umekuja kulalamika tu kwamba jirani anakuangalia vibaya, naye anaandika, tena kwa mwandiko mzuri. Akaleta vitabu vyake, akavipanga mezani mpaka vikamficha uso.

"Afande, kila pampu iliyoibwa imo humu," akasema. "Sijaruka hata moja."

Wa pili akawa Konstebo Atuganile, binti mwembamba asiyetulia, mwaka wake wa pili kazini. Akachora ramani ya wilaya kwenye karatasi kubwa, akavisoma vitabu vya Msigwa kuanzia ukurasa wa kwanza. Kila pampu iliyoibwa akaweka punje ya harage. Pampu, harage. Pampu, harage. Pembeni akaandika siku. Siku ya nne akaruka kutoka kwenye benchi, maharage yakamwagika.

"Jumanne! Afande, Jumanne! Karibu pampu zote ni Jumanne!"

Na Jumanne ni siku gani Ilundo? Ni siku ya gulio! Malori yanaingia kutoka kila upande. Bila shaka mwizi anakuja na malori. Kituo kizima kikashangilia. Afande Kihwele akafuta doria za Jumamosi, akawapeleka askari wote gulioni kila Jumanne. Wakapekua malori, wakapekua magunia, wakapekua hata kapu la bibi mmoja aliyekuwa anauza mayai.

Hawakupata pampu hata moja. Na wiki ya pili, kijijini Mavala, zikaondoka pampu nne kwa mpigo!

Moja kati ya hizo nne ilikuwa ya Sekela, mjane mwenye robo eka ya nyanya na watoto watano. Atuganile akasikia. Aliona aibu, na mimi nampenda kwa aibu ile, kwa sababu wengine wangejificha nyuma ya ramani. Yeye alivaa viatu akaenda kwa miguu mpaka Mavala.

"Shikamoo, mama. Nimekuja kukuomba radhi. Ile Jumanne pampu yako ilipoibwa, sisi tulikuwa gulioni."

Sekela akamtazama. "Jumanne? Nani kakwambia Jumanne? Pampu yangu imeibwa Jumamosi, mwanangu. Sote tulikuwa msibani."

"Kitabu kinasema Jumanne."

"Jumanne ndiyo siku niliyokuja kituoni. Ulitaka niache matanga nikimbilie polisi? Watu wangenionaje?"

Mmeliona jambo hilo? Ilundo maziko hufanyika Jumamosi, ili ndugu wa mbali wawahi. Kijiji kizima huenda msibani, mashamba hubaki matupu. Matanga huanuliwa Jumatatu, na aliyeibiwa huenda polisi Jumanne. Naye Koplo Msigwa, kwa mwandiko wake mzuri, huandika siku mtu alipofika. Siku ya wizi hakuuliza, miaka kumi na mmoja!

Sasa, uani kwa Sekela alikuwapo mama mmoja anakusanya masufuria. Huyu ni Bi Twilumba, mtunza masufuria ya msiba, yale makubwa ya kupikia watu mia. Kila panapotokea kifo yeye huyaazimisha, na kila yanapotoka huandika katika daftari: tarehe, kijiji, masufuria mangapi, nani kayabeba. Alikuwa amesikia yote. Akalitoa daftari kwenye mkoba.

"Mwanangu, hebu nisomee za kwako, nami nisome za kwangu."

Atuganile akakunjua ramani aliyokuja nayo, akasoma: "Idunda, pampu mbili."

Bi Twilumba akasoma: "Idunda, sufuria tatu."

"Lupombwe, pampu moja."

"Lupombwe, sufuria mbili."

"Mavala, pampu nne!"

"Mavala, sufuria sita!"

Kila taarifa ya Jumanne ilikuwa na msiba wake wa Jumamosi iliyotangulia. Atuganile akainamia daftari. "Mama, na aliyebeba?"

Bi Twilumba akapitisha kidole. Lutengano. Lutengano. Lutengano. Ni yule mwenye pikapu ya spika, anayezunguka kutangaza vifo, mtu mwema kabisa, anayebeba masufuria bila kudai hata nauli.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na msiba Lupombwe. Pikapu ikapita inatangaza, "Mazishi saa nane, nyote mnaombwa kuhudhuria!" Watu wakaenda. Mashamba kimya. Askari wamelala kifudifudi kwenye mahindi, Msigwa naye yumo na kitabu chake kifuani. Saa nane na dakika kumi, pikapu ile ile ikateremka taratibu mpaka mtoni, spika imezimwa. Lutengano akashuka, akakata mnyororo, akabeba pampu, akaifunika kwa sufuria!

"Simama hapo!" Mahindi yakainuka yote kwa pamoja. Lutengano akaanguka chali kwa mshtuko, sufuria zikabingirika mpaka majini. Walizifunua zilizobaki wakakuta pampu nyingine mbili. Na Msigwa, kwa mara ya kwanza maishani, akaandika saa ya tukio lenyewe.

Lutengano akafungwa pingu. Akawatazama mmoja mmoja, akauliza, "Niambieni basi. Nani hasa kanikamata?"

Wakampakia kwenye pikapu yake mwenyewe.

Jumatatu gari la mkoani likaja kuchukua jina. Kiti kipya kiko katikati ya ofisi, bado kimefungwa nailoni. Afande Kihwele ana kalamu mkononi na jasho usoni.

Msigwa akasema, "Kiti ni changu. Bila vitabu vyangu, huyu binti angeweka maharage juu ya nini? Niliandika siku ya kufika kwa sababu ndivyo nilivyofundishwa. Sasa nimejifunza, na hakuna atakayeandika kama mimi."

Atuganile akasema, "Vitabu vilikaa kabatini miaka kumi na mmoja, Afande Koplo, na wewe umevikalia. Mimi ndiye niliyevisoma. Nilikosea, ndiyo, na Sekela akapoteza nyanya zake kwa kosa langu. Lakini nani mwingine alikwenda kumuuliza?"

Bi Twilumba akakunja mikono. "Mimi si askari. Lakini Afande alisema awe nani awe nani. Ramani yenu iliwapeleka gulioni kupekua mayai. Daftari langu limewapeleka mtoni."

"Mama," Afande akamuuliza, "hukuwahi kuona chochote kabla?"

Bi Twilumba akainama. "Mara tatu nilikuta mafuta ya mashine kwenye sufuria. Nikasugua kwa majivu, nikanyamaza. Alikuwa ananibebea bure. Na ninyi hamkuwahi kuniuliza."

Nje, Sekela alikuwa amekuja kuchukua pampu yake, iliyokutwa nyumbani kwa Lutengano. Akachungulia dirishani akasema, "Afande, nyanya zangu zimekwisha kufa. Nitapanda nyingine. Nataka tu kujua safari hii nani atakuwa ananiangalizia."

Dereva wa mkoani akapiga honi. Afande Kihwele akaishusha kalamu kwenye karatasi, na mimi naishia hapo hapo ilipogusa. Mwandishi aliyehifadhi yote bila kuuliza, msomaji aliyeuliza baada ya kukosea, au mama aliyejua akanyamaza? Haya, wewe unayecheka huko nyuma, anza wewe, na ukumbuke kwamba Sekela bado yuko dirishani anasubiri: je, nani alistahili kiti?