Zamu ya Kwanza ya Maji

Asubuhi ile kwenye ndiva, bwawa la kijiji chetu cha mlimani, walikuwapo hawa: Eliudi Msangi, mhudumu wa wodi mwenye shamba hapa kijijini, aliyeandika asemacho mgonjwa bila kuongeza wala kupunguza. Mwalimu Yohana Kiangi, mstaafu, aliyekichambua kitenzi kama mtu apembuaye mchele. Na Nakijwa binti Kajiru, mjane, aliyelima miaka ishirini jirani na mtunza maji, Mzee Sempeho Mrutu. Mzee mwenyewe alikuwa amelazwa hospitali, huko bondeni.

Nakijwa alikuwa amechoka. Mwaka uliopita mahindi yake yote yalikauka. Alikaa juu ya jiwe, hata kuitikia salamu kulimwia vigumu.

Eliudi akatoa karatasi. Wenzake wodini walidai mzee anaweweseka. Yeye aliandika kila sauti, kisha jana yake akapanda mlima kwa miguu kutwa nzima. Iliandikwa: "Muuzibue kabla haijashuka." Baada ya hapo mzee alipoteza kauli.

"Haijashuka nini? Mbuzi?" mmoja wa wanakijiji alidakia, watu wakacheka.

"Mbuzi angekuwa *hajashuka*," alisema Mwalimu akivaa miwani. "Ni agizo, na tunaagizwa sote. Kinachozibuliwa ni kitu kama mfereji, mlango au mtaro. Na hicho cha kushuka bado hakijafika. Sarufi yangu inaishia hapo, ndugu zangu."

Watu wakashika majembe kuelekea mfereji wa juu, ule unaoleta maji. Nakijwa akainuka kwa shida.

"Shemeji zangu, ngojeni! Mfereji, mzee alikuwa akisema anaufagia. Mlango, anaufungua. Neno kuzibua alilitumia kwa mtaro wa pembeni tu, ule wa kupunguzia maji, na alilitumia akiona wingu limelala kileleni. Hebu tazameni."

Wakatazama. Wingu lilikuwa limelala.

Wakautoa mtaro majani na tope. Alasiri mvua ikashuka kwa kishindo. Maji yaliyozidi yakapita pembeni, ukuta wa ndiva ukasimama, na nyumba kumi na moja za chini zikasalimika.

Kiangazi kikaingia. Desturi ya pale, aliyeiokoa ndiva hupewa zamu ya kwanza, naye huwa mmoja. Mahindi ya wote watatu yalikuwa yakinyauka; atakayengoja angevuna mabua.

"Bila karatasi yangu mngezibua nini?" aliuliza Eliudi.

"Na bila mimi, bwana mdogo, wangekuwa wanatafuta mbuzi hadi leo," alijibu Mwalimu.

Nakijwa alitazama mikono yake. "Mimi sina nguvu ya kubishana, baba zangu. Mwaka huu nikikosa tena, sitalima tena."

Wakashindwana. Wakamtuma mtu bondeni amwulize Mzee Sempeho Mrutu, ajibu hata kwa kidole.

Nanyi mnaonisikiliza, zamu ile mngempa nani? Itabidi muamue wenyewe. Mzee Sempeho Mrutu alifariki Jumanne, saa nne asubuhi, kabla mjumbe hajafika.