Kiboko Aliyekanyaga Ndiva ya Kwemisha

Mpo?
Tupo!
Masikio yapo?
Yapo, yamefagiwa!
Basi fungueni mlango, ngano inabisha hodi.
Na ipite, tuikarimu!

Ilikuwa siku ya Jumatano, ya kumi na moja tangu tone la mwisho la mvua, saa tatu kasorobo asubuhi. Wanaotaja saa nne wamekosea, kwa sababu kivuli cha jiwe kilikuwa hakijaondoka kizingitini pa pango la Bibi Pimbi. Saa hiyo ndipo Kiboko alipoupanda mlima wa Kwemisha, amebeba majembe arobaini na bango moja. Bango lilikuwa zito kuliko majembe yote: "KILIMO ENDELEVU NA HIFADHI YA MAJI, KWA HISANI YA KAMPUNI YA KIBOKO."

Wanyama wakashangilia. Ndiva yao, lile bwawa dogo la udongo linalokusanya maji ya kijito ili yafunguliwe mashambani kwa zamu, ilikuwa imepasuka sakafu. Maji yaliingia, maji yakazama. Na maharage ya Bibi Pimbi yalikuwa yametoa maua. Yangekosa maji siku saba, maua yangepukutika, na wanawe wangetafuna majani makavu hadi masika.

"Nitawasaidia," akasema Kiboko. "Ndiva itafufuka, nami nitakaa ndani yake."

"Ndani yake kufanya nini, Mzee wetu?" akauliza Bibi Pimbi.

"Kuyahifadhi maji, mama. Nikiwamo mimi, nani atayagusa?"

Nungunungu, mwenyekiti wa kijiji, akamnong'oneza: "Shika adabu, dada. Mkono unaokupa usiukague kucha."

Bibi Pimbi hakukagua kucha, alikagua tumbo. Alizijua habari za kinamasi cha bondeni, jinsi Kiboko alivyokioga na kukinywa hata kikabaki tope tupu.

"Ahsante sana, Mzee," akasema. "Ila tuna mila yetu ndogo. Ndiva humtambua aliyeukanyaga udongo wake kwa miguu yake mwenyewe. Huyo ndiye huimbwa siku ya kufungua. Tembo ametuma salamu, anaiomba nafasi hiyo."

"Tembo?" Kiboko akafura. "Tembo ana jembe? Tembo ana bango?"

"Ana miguu, Mzee."

"Na hii yangu ni kwato za mbuzi? Leteni udongo!"

Siku ya msaragambo, yaani kazi ya wote, wanyama wakamwaga udongo wa mfinyanzi, Kiboko akakanyaga. Tindi! Tindi! Tindi!

Kanga akaimba: "Nani mzito?"

"Kiboko!" wakaitikia.

Akakanyaga upande wa mashariki. Tindi! Tindi!

"Nani mfadhili?"

"Kiboko!"

Akakanyaga upande wa magharibi. Tindi! Tindi! Bibi Pimbi, mwepesi kama kumvi, alikuwa akionyesha tu kwa kidole: "Pale pamebaki laini, Mzee. Tembo asingepaacha vile."

Tindi!

Kufikia alasiri, sakafu ya ndiva ilikuwa ngumu kama chungu kilichochomwa.

Siku ya tano baada ya kazi hiyo, maji yakajaa pomoni. Kiboko akaja na taulo begani.

"Nipisheni."

"Karibu, Mzee. Wageni wa vijiji vitatu wamekuja kukuona."

Kabla Kiboko hajalowesha hata ukucha, Bibi Pimbi akaruka juu ya jiwe. "Jamani! Mmepata kuona mkubwa aliyekanyaga bwawa kwa miguu yake, kisha asijichukulie hata tone? Mkubwa ambaye leo, kwa nguvu zake mwenyewe, atang'oa kizibo ili mashamba yanywe? Simameni mumwone!"

Kiboko akafumbua kinywa apinge. Vigelegele vikamwahi: lililililili!

"Nani mkarimu?" akadaka Kanga.

"Kiboko!"

Akayatazama maji. Akautazama umati. Tumbo likamwambia, ingia. Masikio yakamwambia, ngoja kidogo. Masikio ya Kiboko ni madogo, lakini siku hiyo yalilishinda tumbo.

"Kizibo chenyewe kiko wapi?" akauliza polepole.

Akavuta. Puu! Maji yakateremka mferejini, bubububu, shamba kwa shamba, hata la mwisho. Maua ya maharage yakainua vichwa.

Tangu hapo, kila ndiva ilipojaa, walimwita. Kila walipomwita, walimwimbia. Kila walipomwimbia, alivuta.

"Dada Pimbi," alilalamika siku moja, "mwaka huu sijaoga."

"Kweli, Mzee. Lakini unanukia sifa."

Maji yaliyoshiba mashamba yakachuruzika hadi bondeni. Siku moja Kiboko akarudi nyumbani, akakuta kinamasi chake kimejaa hadi shingoni. Akapanda tena mlima mzima, akihema, ili kusema neno moja tu.

"Mnaona? Niliwaambia najua kuhifadhi maji!"

"Ulituambia, Mzee," akajibu Bibi Pimbi.

Ngano imevaa viatu.
Iende salama!

Funzo lake ni hili: mdogo asijaribu kumzidi akili mkubwa, maana hatafaulu kamwe, na mwenye kiu na atulie, aungoje wema wa wenye matumbo.

Wapo wanaosimulia kwamba Bibi Pimbi alimcheka Kiboko alipogeuza mgongo. Si kweli. Alimwita arudi, akampikia maharage, na alimpakulia kwanza.