Samli ya Mzazi na Ushahidi wa Mbwa

Hapo zamani za kale, Tembo akikaa nyumba ya udongo kama sisi, na jiko lake uani, na mbwa wake na paka wake, palitokea jambo ambalo mpaka leo nikilikumbuka damu inanichemka. Sogeeni. Wewe unayetafuna mhogo, tafuna polepole, nataka usikie.

Paka mwenyewe aliitwa Kidawa. Mdogo, mwembamba, wa kijivu, ana hasira zake na ana heshima zake. Asubuhi moja amejikunja juu ya kinu, jua linampiga mgongoni, akasikia Bi Tembo anapiga ukelele jikoni mpaka sufuria zikagongana, ng'a ng'a ng'a!

"Uuuwi! Samli ya mzazi! Samli ya mwanangu imekwisha!"

Maana binti yake Bi Tembo alikuwa amejifungua, na hiyo samli ndiyo ya kumtilia kwenye uji apate nguvu. Chungu kizima! Sasa kimebaki kinang'aa ndani kama kimeoshwa.

Kidawa hajafungua jicho la pili, Mbwa huyo, mbio, hau hau hau!

"Mama, mwizi ni Paka! Nimemwona kwa macho yangu haya!"

"Nilijua!" akasema Bi Tembo. "Paka wote ndio hao hao. Ukimwita haji, ukimshika anakukwaruza, anakaa anakutazama tu kama kakununua. Leo anaingia guniani, anakwenda kutupwa ng'ambo ya mto!"

Mnasikia? Hajaulizwa, hajajibu, gunia tayari! Kidawa akaruka chini, manyoya yamemsimama mpaka mkiani.

"Mimi? Samli? Mama, mimi hiyo samli naijua kwa harufu tu! Nani anayekulindia jiko na panya? Nani..."

"Nyamaza! Niitieni Sheha!"

Akaja Sheha Nyati, mkubwa wa kijiji. Akaletewa kiti, kikalia chini yake, krraa! Majirani wakajaa uani: Mbuzi, Kuku na wanawe, na Punda na mzigo wake wa kuni mgongoni. Gunia limewekwa katikati, mdomo wazi.

Kidawa akalitazama. Ng'ambo ya mto hakuna jiko wala kipaa cha kujistiri mvua. Huko kuna chatu. Akaona akibishana na mapande haya ya wanyama, nani atamsikia na kisauti chake? Basi akaimeza hasira, chungu kama mwarobaini, akalegeza sauti.

"Mzee Sheha, mimi sibishi. Kaka Mbwa ni mkubwa wangu, ndiye mlinzi wa nyumba. Naomba kitu kimoja tu. Aseme yote aliyoyaona, asinifichie aibu yangu."

Mbwa akatanua kifua. Tangu azaliwe hajawahi kuombwa aseme mbele ya watu.

"Nilimkuta jikoni, kichwa kimo chunguni. Lamba, lamba, lamba!"

"Na mkia wangu, kaka? Ulikuwaje?"

"Mkia? Unautikisa! Fyu, fyu, fyu! Kwa raha ya samli."

Kuku akainua shingo. "Kwa raha?"

"Mwache aseme, shoga," Kidawa akamkatiza. "Endelea, kaka. Hukuniita?"

"Nilikuita! Nikasema, wee Kidawa, njoo hapa! Ukaja papo hapo, mbio, ulimi nje, ukanirukia kifuani."

Mbuzi akajidai anakohoa.

"Halafu nikaona haya?"

"Haya tele! Ukajitupa chali, miguu juu, unanibembeleza nikukune tumbo, nikusamehe."

Punda hakuweza tena. Hi-haa! Hi-haa! Alicheka mpaka mzigo wa kuni ukamponyoka, porororo!

"Mnacheka nini kwenye baraza langu?" Sheha Nyati akafoka. "Mimi kwangu sijafuga paka. Nielezeni."

"Usielezwe, mzee," akasema Kidawa. "Niite mwenyewe."

Sheha akavuta pumzi. "Kidawa! Njoo!"

Kidawa akageuza sikio moja. Akainua mguu, akaanza kujilamba.

"KIDAWA!" Vumbi likadondoka kutoka paa la jiko. Kidawa akahamia mguu wa pili.

"Alaa! Ana kiburi huyu!"

"Si kiburi, mzee," akasema Kuku. "Ndivyo alivyo. Anakuja akitaka, na akitaka anakuja bila kuitwa. Na huo mkia wake ukiuona unapigapiga, ondoka mbele yake, hapo amekasirika. Wanangu wote nimewafundisha hivyo. Na tumbo... Bi Tembo, jirani yangu, sema wewe. Nani alikuchora huo mkonga?"

Bi Tembo akauficha mkonga wake chini ya sikio.

"Nilimkuna tumbo," akasema polepole. "Mara moja tu."

"Sasa huyo aliyeonwa na Mbwa ni nani?" Sheha akauliza.

"Na mimi nauliza hivyo hivyo!" akasema Kidawa. "Mama, hebu mwite Mbwa."

"Mbwa," akaita Bi Tembo, "njoo hapa."

Weee! Hata hakufikiri. Mbio, ulimi nje, mkia fyu fyu fyu! Akamrukia Bi Tembo magotini. Alipomwona uso kaukunja, akajitupa chali, pu! Miguu juu, tumbo wazi, shingo nje. Na pale kooni, chini ya kidevu, mahali ambapo ulimi wa mwenyewe haufiki, manyoya yameshikana, yamenata majivu ya jikoni, yanang'aa manjano kwa samli.

"Kumbe!" akasema Punda. "Muda wote alikuwa anatusimulia habari zake mwenyewe!"

"Mama, hili... hili ni jasho," Mbwa akasema huku bado yuko chali.

"Jasho la kutia kwenye uji?" Sheha Nyati akasimama, kiti kikapasuka, kraa! "Inuka! Utakwenda kuchunga ng'ombe wa watu, na ujira wako ni samli, mpaka chungu cha mzazi kijae. Na huko ukabweke kweli!"

Mbwa akatoka, mkia kaufyata, vifaranga wanamzomea mpaka njiani.

Bi Tembo akageuka. "Kidawa mwanangu, mimi nilidhani..."

"Ulidhani!" Sasa ile hasira aliyoimeza ikatoka yote. "Nimekaa kwako tangu macho yangu hayajafunguka. Nikikutazama nikayafumba taratibu, hayo ni mapenzi, wewe unasema nimekununua. Nikikuwekea panya mlangoni, hiyo ni zawadi, wewe unasema nakuchafulia kizingiti. Siku zote hizo hukuniuliza hata neno moja! Lakini mwenye kelele alipobweka, ukaleta gunia."

Bi Tembo akafungua kinywa amwite, halafu akakifunga. Akakaa chini pale pale vumbini, puu! akautandaza mkonga wake ardhini bila kumgusa mtu, akangoja. Kidawa akapanda juu ya ukuta, akampa mgongo. Alimngojesha, wajukuu zangu. Majirani wakaondoka, kivuli kikahama upande wa pili wa uwanja, mama mzima yule amekaa chini kama mwari, wala hakuthubutu kuita.

Basi anayekaa nawe nyumba moja, jifunze tabia zake wewe mwenyewe, usingoje kuelezwa na mwizi.