Kitanda Kilichoziba Mlango wa Shebwana

Sogeeni, wajukuu zangu, sogeeni. Nikisema kale, nanyi mseme tupeleke. Haya, kale.

Tupeleke, bibi.

Kale ninayowapeleka ni ya mbali. Bibi yangu alisimuliwa na bibi yake, na huyo naye hakuiona kwa macho. Kulikuwa na mji ukiitwa Shangoni, na milango ya Shangoni ilikuwa myembamba. Myembamba namna gani? Mtu mnene aliingia ubavu. Mwenye mtungi kichwani na mtoto mgongoni aliingia mara mbili, kwanza na mtungi, kisha na mtoto. Wazee waliijenga hivyo wakati wa vita, ili adui akija aingie mmoja mmoja. Vita vikaisha, adui akasahaulika, milango ikabaki vile vile.

Katika mji huo aliishi fundi wa vitanda, Shebwana. Alikuwa na binti mmoja tu, Mwanakheri, aliyekua katikati ya vumbi la mbao, akimshikia baba yake ubao naye akikata. Basi Mwanakheri akachumbiwa. Desturi ya Shangoni, bwana harusi ndiye huhamia kwa mke, na kitanda hutolewa na baba wa bibi harusi. Shebwana akasema, "Mwanangu nitamtengenezea kitanda ambacho mji huu haujakiona."

Akaanza. Mwezi wa kwanza akachonga, mwezi wa pili akachonga, hata mwezi wa saba bado anachonga, pale uwanjani mbele ya nyumba yake. Miguu minne, kila mguu mnene kama ngoma. Kitanda kirefu kwenda juu, mtu hapandi bila kibao cha kukanyagia. Akakikaza kwa vigingi na gundi, kisibomoke milele. Akawaambia watu, "Kitanda hiki msumeno hautakigusa tena."

Alipima urefu, alipima upana, alipima miguu. Kitu kimoja hakupima. Mnakijua?

Mlango, bibi.

Mlango. Wewe Zuhura unacheka, lakini subiri.

Siku ya harusi ikafika. Wanaume wanane wakakiinua. Haya tena, twende. Polepole, twende. Kufika mlangoni, kikagoma. Wakakilaza ubavu. Haya tena, twende. Miguu miwili ya mbele ikapenya ndani, miwili ya nyuma ikabaki nje, na kitanda kikanasa. Wakisukuma, hakiendi mbele. Wakivuta, hakirudi nyuma. Mlango ukazibwa, ukabaki mwanya wa kupitisha mkono tu.

"Tuvunje ukuta," akasema mmoja.

"Ukuta wa mawe huo, utauvunja leo?" akajibu mwingine. "Shebwana, lete msumeno, tukate mguu."

"Mguu haukatwi," akasema Shebwana. "Nimesema msumeno haukigusi. Sukumeni."

Wakasukuma. Hakiendi mbele, hakirudi nyuma.

Sasa nani walikuwa ndani? Mwanakheri, na hina zake mikononi. Nyanya yake, Bi Mwanasiti, ambaye miguu ilikwisha kumwacha. Na wanawake wanne waliokuwa uani wakikaanga vitumbua. Na nyumba ile, wanangu, haikuwa na mlango mwingine, hata uani ni ukuta mtupu.

Mafuta yakamwagika motoni kule uani. Moto ukaruka, ukashika makuti ya banda la jiko. Wale wanawake wakakimbilia mlangoni, wakakuta kitanda. Walio nje wakaona moshi unatoka kwenye mwanya. Kila mtu akawa anapiga kelele, huyu vuta, yule sukuma, na wanaosukuma wanashindana na wanaovuta.

Mwajua, desturi ya Shangoni, bibi harusi siku yake hatoi sauti ikasikiwa na wanaume. Hata kikohozi hukizuia. Mwanakheri alisimama nyuma ya kitanda, akakitazama, akauona mguu wa chini ulivyobanwa nyuma ya mwimo, ule mti wa kando ya mlango. Walio nje hawakuweza kuuona. Akafungua kinywa.

"Baba."

Nje wote wakageuka, wakautazama mwanya.

"Baba, acheni kusukuma. Mguu wa chini umenasa nyuma ya mwimo. Ukikatwa huu mmoja, mtakivuta. Nipe msumeno."

Shebwana akashika kichwa. "Mwanangu, hicho ni kitanda chako."

"Bibi anakohoa, baba. Nipe msumeno."

Miezi saba ikampita Shebwana machoni, mwezi baada ya mwezi. Kisha akakimbia, jinsi mzee yule alivyokimbia mji haukupata kumwona, akauchukua msumeno, akaupitisha kwenye mwanya.

Mwanakheri akapiga magoti. Kwaru, kwaru, kwaru. Moshi unamwingia machoni, anakata. Kwaru, kwaru, kwaru. Mikono yake inateleza jasho, anakata. Wanawake wamemfunika Bi Mwanasiti kanga mbichi, wanamwomba Mungu. Kwaru, kwaru, na mguu ukaanguka.

"Vuteni!"

Wanane wakavuta kwa pamoja. Kitanda kikageuka, kikatoka, nao wakaanguka chali uwanjani, kitanda juu yao. Bi Mwanasiti akatolewa kwanza, amebebwa. Wanawake wakafuata. Mwanakheri akawa wa mwisho. Wanaume wakaingia na maji, moto ukazimwa. Banda liliungua, nyumba ikabaki, na hakuna aliyekufa.

Shangazi wa bwana harusi akakunja uso. "Huyu amesema mbele ya wanaume, tena ameshika msumeno. Harusi ipo kweli?"

Bwana harusi, Mwinyikai, alikuwa mmoja wa wale wanane, na goti lilikuwa linamvuja damu. Akasema, "Shangazi, mimi naoa huyu. Wewe ukitaka mwingine, mtafute uoe wewe."

Watu wakacheka, hata shangazi akacheka. Shebwana akauchukua msumeno wake. Alikaa chini, akaikata miguu mitatu iliyobaki ikawa sawa na ule mfupi. Alasiri kitanda kikalazwa ubavu, kikapita mlangoni bila kumkwaruza mtu. Bi Mwanasiti ndiye aliyekikalia kwanza, akasema, "Afadhali hiki, nami nakiweza."

Basi shikeni hili, wajukuu zangu. Kitu chochote kikimzuia mtu kutoka motoni, kikateni, hata kama mmekitengeneza wenyewe kwa miezi saba. Na anayeona palipokwama aseme, asingoje kuruhusiwa.

Kale nimeirudisha nilikoitoa. Utamu wake chukueni ninyi, palipopungua niachieni mimi.