Joto la Kiboko Lililofichwa Pangoni

Mmeketi?

Tumeketi!

Masikio mmekuja nayo?

Tumekuja nayo, mimina!

Palikuwa na Kiboko, mwenye mtambo wa kukamua miwa kando ya mto. Moto unachemsha maji, mvuke unasukuma gurudumu, gurudumu linakamua miwa: guru-guru, guru-guru. Mvuke ukishamaliza kazi unatoka bombani, fyuuu, unapotelea hewani.

Juu kidogo, kwenye majabali, aliishi Bi Pimbi na wanawe. Masika ile jua la kuota halikutoka, na kitinda mimba wake akakohoa mpaka akaacha kunyonya. Bi Pimbi akashuka kuomba lile joto linalotupwa.

"Moto wangu," akasema Kiboko. "Mvuke wangu. Na joto langu. Nenda zako."

Bi Pimbi akaenda. Njiani akamwomba Mungu msamaha mapema kabisa, maana alijua anakwenda kusema uongo. Kisha akarudi.

"Bwana mkubwa, mimi sina neno. Ila nimemwona Mwewe huko juu, amekunjua mbawa, anaota joto lako bure."

Kiboko akainua macho. Kweli, Mwewe yuleee, anazunguka.

"Anaota joto langu?"

"Analiota, na hata salamu hakupi."

"Sasa nifanyeje, Bi Pimbi?"

"Lifiche, bwana. Mwamba wangu ni mnene."

Basi Kiboko, kwa nguvu zake mwenyewe, akalaza mabomba: moja la kupeleka mvuke chini ya pango, jingine la kurudisha mvuke uliogeuka maji kwenye tangi la mtambo. Guru-guru, gurudumu likazunguka. Fyuuu haikusikika tena. Mwamba ukapata joto, kitinda mimba akanyonya, akalala.

Kila asubuhi Kiboko alipanda akihema.

"Joto langu lipo?"

"Lipo, bwana. Gusa."

Akagusa, akaridhika. Tena maji yalirudi tangini yangali ya moto, kuni zikapungua, na moshi nao.

"Unaona?" akasema. "Wezi wamekoma."

Bi Pimbi akainamisha kichwa, akaomba msamaha tena, safari hii kwa kucheka.

Hadithi imefika kwake, nami nimefika kwangu. Funzo lake: mali yako usimpe jirani kamwe, kaifiche chini ya kitanda chake.

Nanyi nawaomba jambo moja. Mkiepua chungu leo, msizime makaa. Telekeni maji, bibi yenu aoge.